Safu ya Pili, Mti wa Saba

Mikorosho ilianza kukauka upande mmoja
kama mtu aliyepigwa na kiharusi:
tawi la magharibi majani ya shaba,
la mashariki bado linaning'iniza mabibo.
Nambunda hawakungoja mtaalamu.
Walishampata mwenye kosa, Bi Fausta Nkapoka,
aliyevushwa Ruvuma mgongoni zamani za vita,
na juzijuzi akaletewa miche na kaka yake wa Mueda
imeviringwa kwenye kanga mbichi.
"Maradhi yake hayo," wakasema,
na bombani wakaanza kumpisha
kwa namna ya kumkwepa.

Mimi nilikwenda na kisu, spiriti, bahasha arobaini na moja.
Nikachuna gome, nikakata ubao wenye mstari wa kahawia,
nikaandika kwa wino mzito: shamba, safu, mti.
La mjomba Nangumbi nililiandika kama mengine.

Naliendele, chini ya hadubini, wote walikuwa mundu.
Mundu mdogo, mundu mdogo, mundu.
Vitabu vya zamani viliwapa jina moja kwa sura hiyo,
nami nilifaulu mtihani kwa kulikariri.
Lakini sura si nasaba.
Wafananao sokoni
si lazima wamenyonya titi moja.

Basi nikawasaga, nikawaosha, nikawavua maganda
mpaka ukabaki uzi,
uzi usioonekana ila ukiuita kwa kileo baridi,
ndipo unajitokeza kama ute wa yai.
Mashine yenyewe haizidi kiberiti cha jikoni.
Ikaanza: A, T, G, S, A, A,
mtoto wa madrasa anayesoma bila kituo,
milioni hamsini kwa kila kuvu mmoja.
Kisha umeme ukakatika
(Mtwara, mji unaosafirisha gesi!)
nikakaa gizani nimekumbatia betri
kama kuku atamiaye.

Siku ya nne mti ukajichora.
Mti wa kulala, shina kushoto, vitawi kulia,
kila herufi iliyobadilika ni hatua ya kuachana.
Kwetu ukoo ni wa mama, litawa halipotei:
jua bibi ni nani, umejua mtu ni nani.
Kuvu nao wana hilo, ila hawana adabu:
kipande kizima cha silaha hukipokea kwa asiye ndugu
kama kaa la moto lililopitishwa uani,
na hapo mti unaota kamba kati ya matawi,
nami nafuta, naanza upya,
nasoma kile tu kisichoazimwa.

Nikamtafuta wa Fausta.
Hakuwa shina. Alikuwa kitawi cha pembeni, kichanga,
mjukuu wa mjukuu.
Na karibu kabisa na shina
palikuwa na mwandiko wangu mwenyewe, wino mzito:
Nangumbi, safu ya pili, mti wa saba.
Nilirudia mara tatu
nikiomba niwe nimekosea bahasha.

Mjomba alikuwa barazani, akipekecha sikio kwa unyoya.
Aliigeuza karatasi, akaigeuza tena.
"Kwa hiyo baba wa maradhi ni mimi."
Nikasema karatasi haijui nani, inajua wapi,
na hapo penyewe ni katika mashamba niliyoyafikia tu.
Akanyamaza.
"Trekta langu dogo," akasema, "lililima kwa Mchira,
kwa Hokororo, likashuka mpaka bondeni.
Kwa Fausta sikutoza hata shilingi,
mwaka ule wa miche."

Akaenda bandani. Udongo wa mashamba kumi na manne
ulikuwa umegandia kwenye meno ya chuma,
rangi juu ya rangi.
Nambunda maji hununuliwa kwa ndoo.
Alimwaga moja yote, akaleta ya pili,
akasugua kwa jiki hadi machozi yakamtoka;
ni jiki, alisema.
Kisha akauliza, hanitazami,
kama haujawa usiku mno kwenda kwa Fausta.

Ilikuwa saa nane mchana.